Maisha ya Tanzania na Maisha ya Kenya: Somo la Kupima kwa Haki



Katika nchi yetu ya Bukima, na katika pwani yote ya ziwa tangu Musoma hata Bunda, liko neno moja lisemwalo sana na wakubwa kwa wadogo, ya kwamba ng'ambo ya mpaka wa Sirari maisha ni mazuri kuliko ya kwetu. Husemwa mwaloni dagaa wanapoanikwa, husemwa sokoni, tena husemwa uani pa kanisa watu wanapoagana baada ya ibada. Wengine hukasirika na kujibu ya kuwa Kenya ni nchi ya matajiri wachache na maskini wengi, wala hapana jambo la kutamani huko. Wote wawili husema kwa nguvu, lakini ukiwauliza, "Mmepima kwa kipimo gani?" hunyamaza.

Neno hili si la kupitisha wakati tu. Kwa ajili yake mzazi humtoa mtoto shuleni kabla ya wakati ili aende kutafuta kazi mbali. Kwa ajili yake kijana hulidharau shamba la baba yake, asilitunze, wala huko aendako asipate kitu. Tena kwa ajili yake wengine humcheka mgeni atokaye upande wa pili, au humwonea wivu. Basi tumeona yafaa kuandika somo hili, ili wainjilisti na waalimu wa sharika wawe na hesabu za kweli za kuwaonyesha watu, na kila msomaji ajifunze namna ya kulinganisha nchi mbili pasipo kumdhulumu mmoja.

1. Kipimo cha shilingi

Watu wengi huipima nchi kwa fedha yake. Husema: shilingi moja ya Kenya katika miaka hii ya karibuni imebadilishwa kwa shilingi za Tanzania 15 hata 20, basi Mkenya ni tajiri mara 15 au 20 kuliko sisi. Hoja hii haisimami. Hata mwaka 1966 nchi zetu mbili pamoja na Uganda zilitumia fedha moja, ndiyo shilingi ya Afrika Mashariki. Mwaka ule kila nchi ilitoa fedha yake yenyewe, na hapo mwanzo shilingi ya Tanzania na shilingi ya Kenya zilikuwa sawasawa. Tofauti ilikuja baadaye, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, bei za vitu zilipopanda kwetu upesi kuliko kwao, na shilingi yetu ikashushwa thamani mara kwa mara.

Fedha ikipungua thamani, bei huandikwa kwa tarakimu kubwa, na mishahara vilevile. Tarakimu hizo peke yake hazisemi kama mtu ameshiba au ana njaa. Tazameni Japani. Mwishoni mwa mwaka 2024 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi za Kenya 129 hivi, bali kwa yeni za Japani ilizidi 150. Maana yake, shilingi moja ya Kenya ilikuwa na thamani kuliko yeni moja. Je, yuko mtu atakayesema ya kuwa Kenya ni tajiri kuliko Japani? Basi tuache kuzipima nchi kwa kubadilisha fedha mpakani.

2. Kipimo cha pato

Wataalamu huchukua mapato yote ya nchi kwa mwaka mmoja, huyagawanya kwa idadi ya watu, kisha huyasahihisha kwa kutazama bei za vitu katika kila nchi, kwa maana dola moja hununua unga mwingi Musoma kuliko London. Kwa hesabu hiyo, katika mwaka 2022 pato la mtu mmoja lilikuwa dola 4,808 katika Kenya, na dola 2,578 katika Tanzania. Kwa hiyo Kenya ilituzidi karibu mara mbili. Haikutuzidi mara 20, kama wasemavyo wale wa kwanza; wala haikuwa sawa nasi, kama wapendavyo wale wa pili.

Hata hivyo hesabu ya wastani ina hila yake, na yatupasa kuijua. Tufikiri kijiji chenye nyumba 10. Nyumba tisa hupata shilingi 1,000,000 kila moja kwa mwaka, na nyumba ya kumi, yenye mitumbwi na injini, hupata 31,000,000. Jumla ni 40,000,000, na wastani ni 4,000,000 kwa kila nyumba. Lakini katika kijiji kile hapana hata nyumba moja ipatayo 4,000,000! Sasa tufikiri kijiji cha pili chenye nyumba 10, kila moja ikipata 3,000,000. Wastani wake ni mdogo, walakini nyumba tisa katika kumi zaishi vizuri kuliko nyumba tisa za kijiji cha kwanza. Basi kila usikiapo wastani, uliza: mapato haya yamegawanyikaje?

Kwa kupima mgawanyiko huo kiko kipimo kiitwacho Gini, kwa jina la Mwitalia aliyekitunga. Watu wote wakipata sawasawa, kipimo ni 0. Mtu mmoja akipata vyote na wengine wasipate kitu, kipimo ni 100. Wengi kwetu hudhani ya kuwa Tanzania, kwa sababu ya siasa ya Ujamaa, ina usawa kuliko Kenya. Lakini hesabu za mwaka 2018 ziliipa Tanzania 40.5, na za mwaka 2021 ziliipa Kenya 38.7. Yaani nchi hizi zakaribiana, wala sisi hatuwezi kujisifu juu ya jirani kwa jambo hili.

3. Kipimo cha maendeleo ya watu

Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulianza kutoa kipimo kingine kila mwaka, kilichotungwa na Mahbub ul Haq, mtaalamu wa uchumi wa Pakistan, akisaidiwa na Amartya Sen wa India. Hawa waliona ya kuwa mali ni njia tu, na mwisho wake ni mtu aishi miaka mingi, apate elimu, na awe na kitu cha kumtosha. Kwa hiyo kipimo chao hukusanya mambo matatu: umri, shule, na pato. Mwaka 2022 Kenya ilipata 0.601 na Tanzania 0.532, na kipimo kamili ni 1.

Lakini msomaji asiishie hapo, bali alifungue fungu lenyewe na kutazama yaliyo ndani yake. Mtoto aliyezaliwa Tanzania mwaka 2022 alitazamiwa kuishi miaka 66.8, aliyezaliwa Kenya, miaka 62.1. Hapa sisi tuliwazidi jirani zetu kwa miaka zaidi ya minne, ijapokuwa pato lao ni karibu mara mbili ya letu! Katika shule mambo yageuka. Mtu mzima wa Kenya alikuwa amesoma miaka 7.7 kwa wastani, na wa Tanzania miaka 5.6. Mtoto aanzaye shule alitazamiwa kusoma miaka 11.4 katika Kenya, na 8.5 kwetu.

Huenda mtu akauliza, Imekuwaje wenye pato kubwa waishi miaka michache? Fedha hununua dawa, lakini haizuii kila ugonjwa. Mojawapo ya sababu twaweza kuiona karibu nasi. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulionyesha ya kuwa katika Kenya nzima watu wazima wapata watano katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI; lakini Migori, iliyo jirani yetu ng'ambo ya mpaka, walikuwa 13 katika kila 100, na Homa Bay walikaribia 20. Hii si sababu pekee, lakini yatosha kutufundisha ya kuwa nyumba za bati na barabara nzuri zaweza kuwako mahali penye makaburi mengi mapya.

4. Kipimo cha mtoto

Ukitaka kuijua nyumba, mtazame mtoto wake mdogo. Kwa bahati njema, mwaka 2022 nchi zote mbili zilifanya uchunguzi wa afya ya mama na mtoto kwa maswali ya namna moja, hata twaweza kulinganisha kitu na mwenziwe.

Katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, waliokufa kabla ya kutimiza miaka mitano walikuwa 41 katika Kenya na 43 katika Tanzania. Kina mama waliojifungua katika zahanati au hospitali walikuwa wapata 8 katika kila 10 pande zote mbili. Katika mambo hayo twaweza kusema nchi ni sawa, na kwetu ni sifa kubwa, maana tumefika hapo tukiwa na fedha chache.

Lakini liko jambo moja la kutuhuzunisha. Watoto walio chini ya miaka mitano waliodumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa chakula bora siku nyingi, walikuwa 18 katika kila 100 kwa Kenya, na kwetu 30 katika kila 100. Kudumaa si ufupi wa mwili tu. Mtoto aliyedumaa katika miaka yake miwili ya kwanza huchelewa kufahamu masomo, na hasara hiyo ni vigumu kuirudisha baadaye.

Sasa tuliangalie ziwa letu. Karibu nusu ya Ziwa Viktoria imo katika Tanzania, na Kenya ina sehemu 6 tu katika 100. Dagaa, ambao Wajaluo huwaita omena, wana nguvu ya kujenga mwili wa mtoto. Wana damu na mifupa ndani yao, tena huliwa wazima. Nao huvuliwa mbele ya milango yetu. Lakini magunia mengi huuzwa kwa wafanya biashara, na sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili husagwa kuwa chakula cha kuku. Si vibaya kuuza, maana mvuvi ana ada za kulipa na chumvi ya kununua. Lakini ni ajabu, kuku wa mjini kunenepa kwa dagaa wa Majita, na mtoto wa mwalo ule ule kula ugali wa muhogo na mboga ya majani peke yake, siku baada ya siku.

5. Kipimo cha umaskini, na hatari yake

Wako wasomao magazeti na kusema: "Tanzania maskini ni 26 katika 100, na Kenya ni 36, basi sisi tuna maskini wachache." Tarakimu hizo ni za kweli. Serikali ya Tanzania ilihesabu 26.4 katika mwaka 2017/18, na ya Kenya 36.1 katika mwaka 2015/16. Lakini kila nchi ilichora mstari wake yenyewe wa kumtambua maskini. Mmoja akipima nguo kwa dhiraa ndefu na mwingine kwa dhiraa fupi, tarakimu zao hazilinganishwi. Benki ya Dunia ilipotumia mstari mmoja kwa nchi zote, wa dola 2.15 kwa siku, uliotumika tangu mwaka 2022 hata 2025, Watanzania walio chini ya mstari walikuwa zaidi ya wawili katika kila watano, kwa hesabu ya mwaka 2018. Na Wakenya walikuwa theluthi moja na zaidi kidogo, kwa hesabu ya mwaka 2021. Kwa dhiraa moja, jibu limegeuka.

Tena, nchi si kitu kimoja. Katika hesabu ile ya Kenya ya mwaka 2015/16, maskini wa Nairobi walikuwa kama 17 katika kila 100, lakini katika Turkana walikuwa 79. Kwetu, katika mwaka 2017/18, Dar es Salaam walikuwa 8, na Rukwa kama 45. Kwa hiyo tofauti iliyo kati ya Mkenya na Mkenya, au kati ya Mtanzania na Mtanzania, ni kubwa kuliko ile iliyo kati ya nchi na nchi. Kijana asemaye, "Nakwenda Kenya," hajasema neno bado. Na aulizwe, Kenya ipi?

6. Sababu za tofauti

Wengine hufikiri ya kuwa watu wa upande mmoja ni wavivu na wa upande wa pili wana bidii. Fikara hii haina msingi. Wakurya na Wajaluo wako pande zote mbili za mpaka, ni watu wa lugha moja na kazi moja. Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika miaka ya 1886 na 1890, hapana mtu wa huku aliyeulizwa. Sababu za kweli zi katika mambo yaliyotendwa.

Kwanza, reli ilitoka Mombasa ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Waingereza walikaa Kenya kwa wingi, wakachukua mashamba ya milimani, wakajenga viwanda na ofisi Nairobi vilivyohudumia Afrika Mashariki nzima. Wakenya waliilipa bei kubwa, maana walinyang'anywa ardhi. Lakini viwanda vilibaki. Tanganyika ilikuwa ya Wajerumani hata vita kuu ya kwanza, kisha ikakabidhiwa Waingereza waitunze, na matajiri hawakupenda kuweka mali yao mahali wasipojua watakaa hata lini.

Pili, baada ya Uhuru kila nchi ilichagua njia yake. Kenya iliwaachia sana wenye mali na makampuni. Tanzania ilitoa Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967, chini ya Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, na njia kuu za uchumi zikawa mali ya umma. Katika elimu, mji wetu wenyewe wa Musoma una neno katika historia hii, kwa maana ndipo halmashauri ya TANU ilipokutana Novemba 1974 na kuazimia ya kuwa kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini shule za sekondari ziliachwa chache kwa makusudi, wakati ambapo wazazi wa Kenya walikuwa wakizijenga zao kwa Harambee. Ndiyo sababu watu wazima wa Kenya wametuzidi miaka ya shule hata leo.

Tatu, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hata mwaka 1983. Katikati yake ilikuja vita na Uganda ya Idi Amin, ya mwaka 1978 na 1979, iliyokula mali nyingi ya nchi yetu. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa sahihi mwaka 1999, na biashara ya mpakani ikapata nguvu tena.

7. Basi tuseme nini?

Tukijumlisha yote kwa haki, Kenya imetuzidi kwa pato, kwa shule, na kwa lishe ya watoto. Pia kwa umeme, maana mwaka 2022 wapata robo tatu ya watu wake walikuwa nao, na kwetu walikuwa chini ya nusu. Sisi tumewazidi kwa miaka ya kuishi. Katika vifo vya watoto wadogo na katika mgawanyiko wa mali tunakaribiana. Asemaye ya kuwa kule ni peponi amekosa, na asemaye ya kuwa hapana tofauti amekosa vilevile. Hata wenye shule na pato wana manung'uniko yao. Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kwa maelfu kupinga sheria ya kodi, na wengi wao walikuwa wamesoma ila hawana kazi.

Katika hayo yote, mawili yamo mikononi mwetu, hayangoji serikali wala mfadhili. La kwanza ni mtoto kukaa shuleni. Ada ya shule ya msingi iliondolewa kwetu kwa mwaka 2002, Kenya ikafuata mwaka 2003. Na tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada hata kidato cha nne. Sare na daftari bado zinagharimu, twajua. Lakini mzazi amtoaye mtoto darasa la saba ili avute nyavu anaipanua mwenyewe ile tofauti anayoilalamikia. La pili ni sahani ya mtoto. Kabla gunia halijafungwa, kibaba kimoja cha dagaa kibaki nyumbani, kitwangwe, kitiwe katika uji wa mdogo.

Naye kijana aliyekwisha kuazimu kusafiri tusimzuie kwa matusi. Afadhali aulizwe mambo matatu: mshahara ni kiasi gani, chumba na unga wa huko ni kiasi gani, na akiugua atatibiwa na nani? Akiisha kutoa, atazame kilichosalia, akilinganishe na shamba na mtumbwi anaouacha. Wahenga walisema, Usisafirie nyota ya mwenzio.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini kubadilisha fedha mpakani hakutuonyeshi ni nchi gani iliyo tajiri? Eleza kwa mfano wa Japani.
2. Katika vijiji viwili vya fungu la 2, ungependa kuishi kipi, na kwa nini?
3. Tanzania yaizidi Kenya kwa jambo gani, na yashindwa kwa mambo gani?
4. Kwa nini hesabu za maskini, 26 na 36, hazikufaa kulinganishwa?
5. Katika mtaa wenu, wako watoto wangapi walioacha shule mwaka huu? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wao?